Kapteni Juu ya Kichwa cha Bibi Keziah

Bi Augusta Pruitt alimwekea bibi yetu jiwe la marumaru kichwani, jiwe lenye jina la mwanamume, na wala hakutuuliza. Naanza na hilo makusudi. Watu wa huku hupenda kuanza habari hizi na mto Rappahannock, na nyumba kubwa zenye nguzo nyeupe, na mashamba ya tumbaku, mpaka msikilizaji anasahau kuuliza tumbaku hiyo ililimwa na nani. Mimi naanza na jiwe.

Jina langu ni Verlene Tolliver. Nimestaafu kazi ya maktaba ya wilaya, chumba cha nasaba, kule wanakokuja Wazungu wenye majina marefu kutafuta babu zao. Nimewatafutia wengi. Bi Augusta mwenyewe alikaa mbele ya meza yangu msimu mzima wa baridi, nikaufuatilia ukoo wake wa Wexcombe kizazi kwa kizazi, mke kwa mke, waliokufa wachanga na walioishi, mpaka tukamfikia Kapteni Josias Wexcombe, aliyeshuka melini zama za wafalme wa Uingereza akagawiwa ardhi na watu ambao haikuwa yao. Siku ile tulipoliona jina la meli yake kwenye karatasi za kale, Bi Augusta alilia. Kisha akaniambia, "Una akili sana, Verlene," kwa sauti ile mtu anayomsifia mbwa aliyemletea gazeti mlangoni. Yeye kwangu ni Bi Augusta tangu nipate fahamu. Mimi kwake ni Verlene tu, na nina wajukuu.

Katika kufuatilia huko niliona na mengine, ambayo hakuuliza na mimi sikumwambia. Josias Wexcombe wa mwisho, yule wa kabla ya vita vya watumwa kuachiwa huru, alizaa na mkewe, na alizaa na Dinah, mtumwa wake wa jikoni. Binti wa Dinah alikuwa Keziah, na Keziah ni bibi mzaa mama wa mama yangu. Kwetu hiyo haijawahi kuwa siri, tumelelewa nayo kama chumvi mezani. Kwao ndiyo siri, hata kama wilaya nzima inaijua.

Sasa mama yangu, Odessa. Alikuwa amepita miaka tisini. Maisha yake yote alifungua chaza kwenye kiwanda cha pale mtoni, mpaka vidole vikakataa kunyooka. Kiangazi kile moyo ukaanza kumchoka, daktari akanivuta pembeni akasema majira mapya ya kuchipua hatayaona. Mama alisikia, kwa sababu masikio hayakuwahi kumchoka. Akaniita kitandani.

"Verlene, sitaki kulala mjini kwa watu nisiowajua. Nipeleke kilimani, kwa mama yangu."

Kilimani ni pale penye mierezi, nyuma ya nyumba ya Fairlea, nyumba ya akina Wexcombe. Amelala pale Keziah, amelala binti yake Lottie aliyemzaa mama yangu, na wengine wengi wetu wasio na majiwe. Baba yake Bi Augusta alikuja akazungusha uzio na kutia geti, na tangu hapo hatujamzika mtu. Mama alilitazama lile geti kutoka barabarani miaka yake yote. Hakuwahi kuomba kitu Fairlea. Hili ndilo ombi lake la kwanza, na ndilo lilikuwa la mwisho, basi nikajifunga kibwebwe.

Nilikwenda Fairlea mchana, nikapanda ngazi za mbele. Mama angezunguka mlango wa nyuma, ndivyo walivyofundishwa. Bi Augusta alikuwa barazani kwenye kiti chake cha bembea, na chai yenye barafu mkononi. Hakunionyesha kiti.

"Umekuja kuulizia sherehe?" akasema.

"Sherehe gani?"

"Hukusikia? Tumempata Kapteni." Uso wake uling'aa kama wa bibi harusi. "Kilimani. Chama chetu kilichimba kidogo kidogo pale chini ya mwerezi mkubwa, wakakuta vyombo vya kaure, Verlene, vyeupe na vya buluu, na makombe makubwa ya baharini yamepangwa vizuri. Nani angezikwa na kaure pale kama si bwana mwenye shamba? Jiwe limeshawekwa. Jumamosi tunalizindua."

Chama anachokisema ni Chama cha Wazao wa Walowezi wa Kwanza. Ni watu wanaokutana kula na kuambiana wametoka wapi.

"Bi Augusta, chini ya mwerezi mkubwa amelala Keziah, bibi wa mama yangu. Pembeni yake ni Lottie."

"Ndivyo mnavyosema."

"Ulivitazama vitako vya hivyo vyombo?"

"Vitako vina nini?"

Jagi moja alikuwa amelilaza ubavu kwenye kabati la vioo, ukumbini, linaonekana dirishani kutoka pale barazani. Nikamwonyesha kwa kidole. Jagi jeupe, mstari wa buluu mdomoni, na katikati ya kitako tundu la kuingia kidole gumba.

"Jembe la trekta," akasema.

"Jembe linatoboa kitako katikati, chombo baada ya chombo, na mdomo linauacha mzima? Hilo jembe limesomea wapi?"

Akanywa chai yake. Nikaona bora nimweleze, maana huenda ni ujinga tu. Nikamwambia kwetu mtu akifa, chombo alichokitumia mwisho kinawekwa juu ya kaburi, na nyumba nyingine za ukoo nazo hutoa chao. Anayetoa chombo ndiye anayekitoboa kitako, na lazima awe wa damu ya marehemu. Chombo kikiachwa kizima, marehemu atawaita wengine wa damu yake wamfuate, akianzia na nyumba kilikotoka.

"Huyo Kapteni wenu," nikamaliza, "nani alimtobolea jagi?"

Bi Augusta alicheka. "Ushirikina huo, Verlene. Na wewe umesoma."

Nilikuja kuomba, na mwombaji hachagui matusi. "Mama yangu anakufa. Anataka kulala kilimani pamoja na mama yake. Hilo tu ndilo lililonileta."

"Haiwezekani. Nimeliandikisha eneo lote mahakamani. Ni la wazao wa Kapteni Wexcombe, milele, na jirani wa kunisumbua asiwepo. Hata marehemu mume wangu, maskini, nimemzika mjini, kwa kuwa yeye ni Pruitt. Mume wangu nimkatalie, halafu nimkubalie Odessa?"

"Wazao wake wote?"

"Wote. Nimechongesha hivyo kwenye jiwe." Kisha akanipa ruhusa ya kuondoka kwa kunikaribisha. "Njooni Jumamosi, mnakaribishwa, ni ya watu wote. Kutakuwa na mikate ya nyama ya nguruwe."

Nilishuka zile ngazi nikiwa nimekaza meno mpaka taya likauma. Nilitaka kurudi nikalivunje lile kabati la vioo.

Nyumbani nilimsimulia Mama kila neno, sikumficha kitu, kwa sababu kumficha Mama kitu ni kujichosha. Aliposikia habari za jagi akanyanyua kichwa kwenye mto.

"Lina mstari wa buluu mdomoni?"

"Ndiyo."

"Hilo nililitoboa mimi." Akaitazama mikono yake iliyojikunja. "Mama alipokufa. Nilikuwa mtoto mdogo, sikuwa na ndugu. Wakaniambia wa damu ni wewe, toboa. Nikapiga kwa mpini wa kisu cha chaza, haikutoboka, nikapiga tena. Nilidhani namuumiza. Sasa wamelitia kabatini kwa jina la Kapteni."

Akairudisha mikono chini ya shuka.

"Hizo sherehe zao," akasema, "huwa wanafanya nini?"

"Wanaomba, wanaimba, wanapiga ngoma. Halafu wanafanya mwito wa wazao. Kila mzao anasimama, anataja jina lake, ni wa kizazi cha ngapi, na amepitia kwa nani. Ndiyo fahari yao kuliko zote."

"Kila mzao anasimama?"

"Kila mzao."

"Basi nipigie pasi gauni langu la kijani."

"Mama, daktari amesema usitoke kitandani."

"Daktari amesema nitakufa," akasema Mama. "Hakusema nife nimelala."

Jumamosi nikampakia garini na kiti chake cha magurudumu. Kufika chini ya kilima nikaanza kusukuma, na kile kilima kina mchanga. Alikuja kunisaidia Preston, mpwa wake Bi Augusta, mwalimu huko Richmond. Huyu kijana nina habari zake. Mwaka wa nyuma yake alitema mate kwenye kichupa, akayatuma kupimwa, akaletewa majina ya ndugu zake wa damu, na jina langu likiwamo. Akaniandikia, "Mpendwa binamu." Shangazi yake alipogundua akamwambia achague, binamu au nyumba. Akachagua nyumba, ina vyumba vingi. Toka hapo hakuniandikia tena. Lakini siku ile kiti alikisukuma, na usoni alikuwa mwekundu, sijui kwa jua au kwa aibu.

Juu palikuwa na mahema meupe. Wanaume wazima walivaa soksi ndefu na viatu vya vifungo vya shaba na nywele za bandia, jasho linawatiririka, wakijifanya zama za wafalme. Jiwe lilikuwa limefunikwa bendera, limesimama pale pale kwenye kichwa cha Keziah. Makombe ya chaza ambayo watu wetu waliyapanga juu ya makaburi yalikuwa yamefagiliwa pembeni, lundo moja, kama takataka za jikoni. Mama aliliona lile lundo. Mkono wake ulinishika kifundo.

Wakaomba, wakaimba, bendera ikavutwa. *Hapa amelala Kapteni Josias Wexcombe. Ardhi hii ni ya wazao wake wote, milele.* Watu wakapiga makofi. Mwito wa wazao ukaanza, na wa kwanza ni nani kama si yeye.

"Augusta Wexcombe Pruitt. Kizazi cha kumi. Kupitia Josias wa mwisho na mkewe Arabella."

Wakafuata wengine, daktari wa meno wa kutoka Norfolk, mapacha wa kike wenye kofia za kufanana, Preston kwa sauti ndogo. Mwisho Bi Augusta akatazama huku na huku, akitabasamu kwa desturi tu.

"Kuna mzao mwingine?"

"Nisimamishe," akasema Mama.

Nikamsimamisha. Alikuwa mwepesi kama nguo iliyokauka kambani, lakini sauti ilikuwa ile ile iliyokuwa ikipita juu ya kelele za kiwanda.

"Odessa Tolliver. Kizazi cha tisa. Kupitia Josias wa mwisho na Dinah wa jikoni, ambaye hakuulizwa."

Hakuna aliyepiga makofi. Mpiga ngoma aliangusha kijiti chake na hakukiokota.

"Odessa," akasema Bi Augusta, "hapa si mahali pake."

"Ndipo hapa hapa, mwanangu. Umesema mzao asimame. Nimesimama, na miguu yenyewe ilikuwa haitaki."

Bi Augusta akanigeukia mimi. "Mwondoe mama yako. Ni mgonjwa, hajui anasema nini."

"Kuhesabu anajua," nikasema. "Wewe ni wa kumi, yeye ni wa tisa. Tisa inatangulia kumi, Bi Augusta. Babu yako na Lottie walikuwa watoto wa ndugu. Kwa ukoo wenu mwenyewe niliokufuatilia kwa mkono wangu, huyu ni shangazi yako. Mwamkie."

Kuna mtu nyuma alicheka, akajitia kukohoa. Nami sikuwa nimemaliza, nilikuwa ndiyo kwanza nimepata moto.

"Huo ni uongo," akasema Bi Augusta.

"Muulize Preston. Preston, mwambie shangazi yako mate yako yalisema nini."

Preston aliviangalia viatu vyake vya vifungo. Nilifikiri atachagua nyumba tena. "Ni kweli, Shangazi," akasema. "Na wewe unajua ni kweli."

"Sasa wewe chagua," nikamwambia Bi Augusta, na nilisema polepole ili daktari wa meno naye asikie. "Kama aliyelala chini ya jiwe hili ni Kapteni, basi mama yangu ni mzao wake, na kwa maneno yako uliyoyachonga mwenyewe ana haki ya kulala kilimani. Kama si Kapteni, basi ni Keziah, na jiwe lako halina kazi hapa. Njia ni mbili tu, na zote zinapita kwenye lile geti lako."

Shingo ya Bi Augusta ilipanda wekundu kutoka kwenye ushanga hadi masikioni. Mimi nilikuwa na uhakika atamshika Kapteni wake. Nilimwona akimlilia yule mtu. Na kumshika kulikuwa rahisi, ni kuinamisha kichwa kidogo tu kwa bibi kizee anayekufa, kesho wangesahau, wangekula nyama yao. Alimtazama Mama kutoka kitambaa cha kichwa hadi viatu.

"Kapteni hayupo hapa," akasema. "Hajawahi kuwapo. Haya ni makaburi ya watumwa. Baba aliniambia nikiwa mtoto."

Wenzake wa chama walitazamana. Mmoja akauliza, "Ulijua?"

"Lottie hakuwa mtumwa hata siku moja," akasema Mama. "Alizaliwa huru."

"Kichukueni kilima." Bi Augusta akalionyesha geti kwa kidole. "Zikaneni humo mpaka kijae, nitafuta kila nilichoandikisha. Lakini msirudie kusema mbele ya watu kwamba mimi nina undugu na nyinyi."

Basi. Sherehe iliishia hapo. Watu waliifuata mikate ya nyama haraka, kama waliokumbuka wana njaa. Tuliteremka, na mimi nilikuwa naelea. Kwenye gari niliongea peke yangu njia nzima, umeona shingo yake, Mama, umemwona yule wa ngoma, mchimba kisima kaingia mwenyewe. Mama aliangalia dirishani.

"Tumeshinda, Mama," nikasema.

"Tumepata kaburi." Tukapita kiwanda cha chaza, kimefungwa siku hizi, madirisha yametobolewa kwa mawe. "Verlene, mimi miaka yote hii nilidhani hawajui. Nilijisemea, wakijua wataona haya. Kumbe wanajua. Amemtupa babu yake mbele ya watu kama kombe tupu, ili tu asiniite shangazi." Akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa chake. "Afadhali wasingejua."

Ushindi wangu uligeuka shubiri mdomoni, na chuki niliyokuwa nayo kwa yule mwanamke ikapata mizizi mipya.

Jiwe liliondolewa na lori lile lile lililolileta. Preston alirudisha vyombo vyote kwenye sanduku, na jagi la Lottie likiwamo, nami nikavirudisha mahali pake na makombe nikayapanga upya. Mama alikufa barafu ya kwanza ilipoanza kuonekana majanini. Tulimzika kilimani, kati ya Lottie na Keziah, geti likiwa wazi pande zote mbili. Kikombe chake cha chai nilikitoboa mimi, kwa mpini wa kisu chake cha chaza, pigo moja. Nilijua kwamba simuumizi, lakini nilihisi vilevile alivyohisi yeye.

Watu walipokuwa wanatawanyika akaja Preston, amekumbatia bakuli kwa mikono miwili. Bakuli la kaure, la buluu, zuri, la kutoka chumba cha kulia cha Fairlea.

"Shangazi amelituma," akasema. "Anasema lilikuwa la Kapteni. Anasema Fairlea haijawahi kukosa kutuma kitu kwenye maziko ya watu wake."

Watu wake, kasema. "Ameagiza nini kingine?"

Akalitazama bakuli. "Liwekwe mahali pa kuonekana."

Maana yake mji ulikuwa unamsema, na wenzake wa chama walikuwa wamemwondoa kwenye uongozi. Alitaka wapitao wanyamaze. Nikalipokea bakuli, nikalipindua, nikauweka mpini wa kisu katikati ya kitako. Waliobaki wakasimama kungoja. Halafu nikaushusha mkono, nikaliweka bakuli juu ya kaburi, zima, mdomo juu.

"Hutalitoboa?" akauliza Preston. Kumbe alikuwa amesoma habari zetu.

"Anayetoa chombo ndiye anayetoboa, na awe wa damu. Shangazi yako kasema mbele ya watu kwamba si wa damu. Basi mwambie asiwe na wasiwasi. Chombo kizima kinawaita ndugu peke yao, yeye hakimhusu."

Wa kanisani waliniambia baadaye nina roho mbaya. Ninayo, na siku ile nilikuwa nayo ya kutosha kuwagawia na wao.

Januari Bi Augusta aliteleza kwenye barafu ya ngazi zake za mbele. Nyonga haikuvunjika ila ilimlaza, na kulala kukamletea kichomi. Preston akanipigia simu.

"Anauliza kama ulishalitoboa lile bakuli."

"Si alisema ushirikina?"

"Verlene, tafadhali. Hali chakula."

"Mwambie aseme Odessa alikuwa nani kwake. Neno moja tu. Akilisema, navaa koti sasa hivi napanda kilimani na kisu."

Preston alinyamaza, lakini simu haikunyamaza. Fairlea wana simu nyingine chumbani juu, na kwenye hiyo nilisikia mtu anapumua, kifua kikikoroma. Nikangoja. Nilimngoja kwa moyo wangu wote, kwa kuwa Mama hakungojewa hivyo hata mara moja. Kisha simu ya juu ikawekwa chini.

Niliambiwa amepona kiasi cha kukaa kitini. Sikumpelekea pole wala supu.

Wiki ya Pasaka huwa tunapanda kilimani kusafisha. Nilitangulia peke yangu asubuhi kabla ya wengine. Mvua ilikuwa imenyesha na udongo ulikuwa laini. Kaburi la Mama lilikuwa limeanza kuzama kidogo, kama yanavyozama yote, na makombe yalikuwa meupe kwa kuoshwa. Bakuli la buluu lilikuwa mahali pake, ila limegeuzwa mdomo chini. Kitako kilikuwa na tundu. Halikuwa tundu zuri. Lilikuwa limepigwa na mkono usiojua, tena na tena, ukingo umemeguka na ufa umekwenda mpaka mdomoni, na vipande vimekusanywa vikawekwa kando kwa adabu.

Kwenye udongo palikuwa na nyayo za viatu vyembamba vya mwanamke, na pembeni yake vishimo vya ncha ya mkongojo. Mahali pamoja palikuwa na alama za magoti. Nilizifuata nyayo kwa macho kuteremka kilima chote. Hazikutoka kwenye zile ngazi za mbele za Fairlea. Zilitoka jikoni, mlango wa nyuma.

Nilikaa chini juu ya unyevu, na gauni langu la kanisani.

"Mama," nikasema, "mpwa wako alikuja. Kaja kimya kimya, kapitia mlango wako wa nyuma, lakini kaja."